Rampu ya kudanganyia macho

Wadau, najua nimewapotea, UE zilinibana mpaka basi. Leo sina stori za boom wala za wali wa kantini. Nina hasira, na nimetoka nazo nyumbani Holili.

Basi bwana, wikiendi iliyopita nilimsindikiza dada yangu, mtoto wa mjomba, kwenda kuangalia fremu kwenye jengo jipya kule kwetu. Anataka kufungua uwakala wa pesa za simu na fotokopi, na mtaji anao. Yeye anatumia kiti mwendo. Mwenye jengo alishatuambia kwenye simu: "Njooni tu wanangu, rampu ipo."

Ipo kweli! Nikaazima futi kamba kwa seremala wa jirani. Baraza limeinuka sentimita 60, rampu ina urefu wa mita 2. Sasa nyie wa uhandisi mnajua, kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Pale zilitakiwa mita 7.2. Hiyo ya mita 2 labda ya kubingirishia mapipa, tena imewekwa vigae vya kuteleza. Dada alijaribu, magurudumu ya mbele yakanyanyuka, nikamdaka. Wakaja vijana wanne wa bodaboda wakambeba juu juu na kiti chake, hata hawakumuuliza. Kufika huko, mlango wa choo una sentimita 60. Kiti chake kina 65.

"Shikamoo mzee. Sasa mimi kila asubuhi nitakuwa naingiaje?"

Mzee akajibu kwa upole kabisa: "Marahaba mwanangu. Si vijana wapo?"

Jamani, mzee sina ugomvi naye mkubwa. Aliambiwa weka rampu, akaweka. Ninachouliza ni nani alikuja kuipima. Jengo la biashara lina watu wake wa kibali, wa zimamoto, wa afya, na wa kodi ndiyo usiseme. Nilimuuliza mzee kama kuna hata mmoja aliyewahi kushika futi kamba pale kwenye rampu. Akacheka.

Na sheria tunazo! Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliridhia 2009, na ibara ya 9 yote ni habari ya kufikika kwa majengo na huduma. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kinachoniuma zaidi, hapo Moshi tu, KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu enzi za 1980, na kimefundisha pia mafundi wa viti mwendo. Tunajua kutengeneza kiti, tunashindwa kutengeneza pa kukipitisha!

Kule California kuna wakaguzi wenye cheti cha jimbo ambao kazi yao ni hiyo: wanapima rampu, milango, vyoo, maegesho, kisha wanamwandikia mwenye jengo ripoti ya nini kirekebishwe. Mimi nataka wa kwetu, na leseni ya biashara isitoke bila ripoti yake.

Najua mtasema mkaguzi mwingine ni mtu mwingine wa kupewa chai. Sawa, basi ripoti ibandikwe mlangoni na vipimo vyake, mtu yeyote mwenye futi kamba ahakikishe mwenyewe. Na kwenye ukaguzi awepo mtu anayetumia kiti mwendo, siyo sisi wenye miguu tunakisia. Gharama je? Aje wakati jengo bado ni mchoro, maana hapo unafuta kwa raba. Zege likishamwagwa unafuta kwa nyundo.

Fremu dada hajachukua. Kwa sasa yuko barazani kwa mama, kimeza na mwavuli, na mvua ikinyesha anafunga. Mzee kanipigia juzi kuuliza hizo mita 7.2 atazitoa wapi wakati barabara iko pale pale. Nikamwambia inaweza kufuata ukuta, ikakunja, ikawa na sehemu ya kupumzikia katikati. Akasema nimletee mchoro.

Sasa nyie wa usanifu majengo, nani ananichorea? Soda juu yangu, boom likitoka.