Uchambuzi: Mwanga wa Leza, Saa za Atomiki na Miinuko ya Kasulu

Miradi ya maji ya mserereko katika vilima vya Kasulu na Kibondo husimama juu ya kipimo kimoja: mwinuko. Vipokezi vya setilaiti hutoa kimo kutoka umbo la dunia la kihisabati, ilhali maji hufuata mvutano wa dunia, na vipimo hivyo viwili havilingani.

Hapo ndipo saa za atomiki zinapoingia. Saa iliyo juu huenda kasi kuliko iliyo chini. Saa ya Kasulu, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, ingeitangulia ya Tanga kwa zaidi ya sehemu tatu za milioni za sekunde kila mwaka. Ukizilinganisha, umepima mwinuko.

Ugumu ni kuzilinganisha zikiwa mbali. Mwaka 2022 watafiti wa China walitangaza kusafirisha mapigo ya saa kwa leza hewani, bila waya, umbali wa kilomita 113, kwa usahihi unaotosha kutambua tofauti ya sentimita moja.

Njia yenyewe si ngeni sana Kigoma. Miaka ya 1930, wapima ardhi wakiongozwa na Martin Hotine walipima Tanganyika kandokando ya longitudo 30 Mashariki, inayopita jirani na Kasulu, wakilenga taa kutoka kilele hadi kilele. Ukungu uliwakwamisha wao. Leza nayo haiupenyi. Kwa sasa, vigingi vya upimaji na vipimo vya mvutano vinabaki kuwa tegemeo la wahandisi wa maji.