Fungate ya thelujini ipangwe kwa ajili ya asiyejua kuteleza

Na Mwanahamisi Kombo

Matangazo ya vituo vya skii huanza na urefu wa miteremko. Les Trois Vallées nchini Ufaransa, mabonde matatu yaliyounganishwa kwa lifti, yanajivunia kilomita 600, na hakuna eneo jingine duniani lililounganishwa namna hiyo lenye njia nyingi zaidi. Bwana harusi anayefanya kazi Stuttgart, ambaye wenzake wa kazini wamezoea kumchukua milimani kila Februari, huisoma namba hiyo na kulipa arubuni siku ileile. Bibi harusi ametoka Tanga majuzi. Theluji ameiona kwenye simu, na kwa mbali juu ya Kibo siku aliyosafiri kwenda Moshi.

Fungate ikianza, kilomita zile 600 zinakuwa za mtu mmoja. Mwenzake ana uwanja wa mafunzo wenye urefu wa mita mia na kitu, mkanda unaotembea wa kumpandisha juu, na watoto wa miaka mitano wanaompita wakicheka. Asubuhi tatu za kwanza atajifunza kusimama, kuanguka na kuinuka. Mchana mmoja yuko hotelini anakanda magoti, mwingine yuko kilele cha tatu anapiga picha. Wamefunga ndoa juzi, na tayari kila mmoja ana likizo yake.

Ndiyo maana kituo cha fungate kinapaswa kuchaguliwa kwa kumtazama yule asiyejua. Anayejua kuteleza atafurahi karibu popote palipo na theluji na lifti. Asiyejua anahitaji mambo mahususi: uwanja wa mafunzo ulio karibu na mlango wa hoteli, miteremko mingi ya rangi ya buluu, ambayo ndiyo rahisi, na zaidi ya yote njia ya kufika juu mlimani bila kuvaa skii mguuni. Sharti hilo la mwisho halitajwi sana kwenye vipeperushi, nalo ndilo linaloamua kama maharusi watakula chakula cha mchana pamoja.

Wengen, katika jimbo la Bern nchini Uswisi, ni mfano unaofaa kuchunguzwa kwa utulivu. Kijiji kimekaa kwenye ukingo wa mlima, mita 1,274 juu ya usawa wa bahari, na magari ya kawaida hayafiki. Abiria hupanda treni kutoka Interlaken hadi Lauterbrunnen, bonde lenye kuta za mawe ambako maporomoko ya Staubbach hudondoka karibu mita 300, kisha hubadilisha na kupanda treni ya reli yenye meno inayopanda mlima. Reli hiyo imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 1893. Uwanja wa wanaoanza uko katikati ya kijiji, na anayejifunza huweza kurudi chumbani kubadilisha soksi kati ya somo na somo.

Jambo kubwa, hata hivyo, ni treni yenyewe. Inaendelea kupanda hadi Kleine Scheidegg, mita 2,061, chini kabisa ya ukuta wa kaskazini wa Eiger, ikibeba wenye skii na wasio na skii katika behewa moja. Kutoka kijijini pia kuna gari la kamba linaloning'inia hadi Männlichen, zaidi ya mita 2,200, na huko juu ipo njia ya miguu iliyosawazishwa kwa ajili ya watembeaji wa majira ya baridi. Anayeteleza anashuka, anapanda tena, anashuka. Mwenzake anatembea taratibu huku Eiger, Mönch na Jungfrau zikiwa mbele yake, na saa saba mchana wanakutana kwenye meza moja. Wakitaka siku nzima bila skii, reli ya Jungfrau, iliyofunguliwa mwaka 1912 na kuchimbwa ndani ya mlima, huwafikisha kwenye kituo cha treni kilicho juu kuliko vyote Ulaya, mita 3,454. Na ng'ambo ya Kleine Scheidegg iko Grindelwald, ambako njia ya sleji kutoka Faulhorn ina urefu wa kilomita 15. Sleji haihitaji mwalimu wa wiki nzima, na wawili huweza kuishiriki moja.

Yule anayejua naye hapunjwi. Eneo hili lina zaidi ya kilomita 200 za miteremko, na ndipo panapofanyika mbio za Lauberhorn, zenye mteremko mrefu kuliko yote ya Kombe la Dunia la skii, takriban kilomita nne na nusu. Mwaka 2013 Mfaransa Johan Clarey alipimwa hapo akishuka kwa kilomita 161.9 kwa saa. Wiki ya mbio hizo, katikati ya Januari, si ya maharusi: kijiji hujaa mashabiki na vyumba havipatikani.

Chakula kinastahili neno lake, kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu ni Waislamu na hakuna wakala anayewaambia. Fondue ya jibini, mlo ambao kila hoteli ya milimani itawapendekezea maharusi kwa mishumaa, hupikwa kwa divai nyeupe na mara nyingi pombe kali ya cheri. Raclette, jibini inayoyeyushwa na kumiminwa juu ya viazi, haihitaji pombe. Ni heri kuuliza jikoni mapema kuliko kuisukuma sahani mezani. Interlaken, ambayo kwa miaka mingi imepokea wageni wengi kutoka nchi za Ghuba, ina mikahawa ya chakula halali, na umbali wake kutoka Lauterbrunnen kwa treni ni kama dakika 20.

Kuna hoja nzito ya kupinga kijiji cha chini kama Wengen, nayo ni tabianchi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Climate Change ulichunguza vituo 2,234 vya Ulaya. Ulionyesha kwamba joto la dunia likipanda nyuzi mbili juu ya kiwango cha kabla ya viwanda, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji ya kutosha, kama havitatengeneza ya mashine. Kwa hiyo washauri wengi husema: nendeni juu zaidi. Val Thorens, mita 2,300, ndicho kituo kilicho juu kuliko vyote Ulaya, na theluji yake ni ya uhakika.

Ushauri huo ni mzuri kwa mwanamichezo. Kwa mtu aliyeishi maisha yake yote usawa wa bahari, kulala mita 2,300 kunaweza kumaanisha kichwa kinachogonga na usingizi unaokatika siku za mwanzo. Huko juu pia miti haimei, na dhoruba ikifunga lifti hakuna msitu wa kutembea wala treni ya kushuka bondeni. Njia ya busara ni kulala chini na kupanda juu mchana. Zermatt inatoa hilo vizuri. Kijiji kiko mita 1,600 hivi, nacho hakina magari ya petroli. Wageni huacha yao Täsch na kumalizia kwa treni. Lifti zake hufika Klein Matterhorn, mita 3,883, kwenye barafu ya kudumu ambako watu huteleza hata Julai. Ni pazuri kupita maelezo na ni ghali kupita maelezo, na safari ya kwenda kilele hicho isifanywe siku ya kwanza, maana mwili haujazoea.

Majira yana uzito kuliko jina la kituo. Krismasi na Mwaka Mpya bei hupaa, na vijiji vya chini huenda bado vina majani ya kahawia. Februari ni likizo ya shule karibu Ulaya yote, hivyo foleni za lifti hurefuka na madarasa ya skii hujaa. Zinabaki nafasi mbili: wiki za mwisho za Januari, na nusu ya kwanza ya Machi, wakati jua limerefuka na viti vimetolewa nje ya mikahawa. Kwa anayeogopa baridi, Machi ndiyo jibu. Lakini jua hilo lisidharauliwe kwa kisingizio cha ngozi nyeusi. Theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua inayochoma, na macho ndiyo huumia kwanza.

Kisha lipo suala la nani amfundishe nani. Mume asimfundishe mke, wala mke asimfundishe mume. Kwenye mteremko anayeogopa hupandisha sauti, anayejua hukosa subira, na maneno yanayotoka hapo hubebwa hadi chumbani. Mwalimu wa kulipwa wa asubuhi tatu ni gharama ndogo ukilinganisha na bei ya safari nzima, naye hafahamu habari za wakwe. Tena asiyejua asinunuliwe tiketi ya eneo zima siku ya kwanza. Vituo vingi huuza tiketi ya wanaoanza kwa bei nafuu zaidi, na kadhaa vya Ufaransa havitozi kitu kwa lifti za uwanja wa mafunzo.

Maharusi ambao wote hawajui wana njia nyingine ambayo haipewi nafasi inayostahili: skii za nyika, zile nyembamba za kusukuma kwa miguu kwenye njia tambarare. Hapo wawili huweza kwenda sambamba wakizungumza, jambo lisilowezekana kwenye mteremko. Bonde la Engadin, karibu na St. Moritz, ndilo mahali pake, na tangu mwaka 1969 maelfu hukusanyika huko kila Machi kwa mbio za kilomita 42. Mkenya Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji, aliuanza mchezo huu mwaka 1996 alipopelekwa Finland. Miaka miwili baadaye alisimama kwenye mstari wa kuanzia wa Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, dakika 20 nyuma ya Mnorwei Bjørn Dæhlie, na bingwa huyo akamsubiri ukingoni ili ampongeze. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Pwani nayo ina mtu wake: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, ambaye mwaka 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi, akishuka miteremko ya kweli. Anayesema kwamba theluji si ya watu wetu hana habari za Kilifi.

Makaratasi yaanze mapema. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anayeishi Uingereza, hata kwa miaka kumi, anahitaji viza ya Schengen ili afike Uswisi, Ufaransa, Austria au Italia. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Viza hiyo hudai bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, ila bima nyingi za kawaida haziugusi mchezo wa skii mpaka mtu aongezee kipengele chake. Italia imekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2022 kila anayeteleza lazima awe na bima ya madhara kwa watu wengine, na msimu wa 2025 helmeti ikawa lazima kwa watu wa umri wote. Bibi harusi aliyesukwa misuko minene ya harusi ajue hilo kabla ya kuondoka, kwa kuwa helmeti haitaingia. Misuko myembamba iliyolala kichwani inafaa. Mwenye kujistiri achukue hijabu ya michezo inayobana, si mtandio wenye ncha zinazoning'inia, kwani kitambaa kinachopepea karibu na lifti ni hatari.

Uswisi ikiwa imezidi mfuko, Bansko nchini Bulgaria ina gharama za chini sana, na nchi hiyo imeingia kikamilifu katika Schengen tangu Januari 2025. Kusini mwa Afrika, Afriski katika milima ya Lesotho hufanya kazi Juni hadi Agosti, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Mteremko wake mkuu una kilomita moja tu, kwa hiyo siku mbili zinatosha, na zilizobaki zitumike kwingine.

Kabla ya kulipa popote, maharusi wanaopitia Dubai wana fursa ambayo ni kosa kuiacha. Ski Dubai, ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates, imefunguliwa tangu mwaka 2005. Ina theluji halisi, baridi chini ya sifuri, nguo za kukodi, walimu, na mteremko wa mita 400. Saa mbili hapo zitaonyesha kama yule asiyejua anatoka akiuliza lini watarudi, au anatoka akitafuta chai na kiti. Akitafuta chai, bado Wengen ina treni, njia za miguu na sleji za kumtosha wiki nzima, au wawili hao wabadili mpango kabisa waende ufukweni, na pesa ya hoteli ingali benki.