FILAMU YA "MAHDI", MITIHANI YA CHUO NA MARAFIKI WA HOSTELI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Baba mmoja ameniandikia akitaka fat-wa. Mwanawe yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, na mitihani ya mwisho wa muhula inaanza wiki mbili zijazo. Kijana alipokuwa nyumbani likizo, mzee alimkuta kwenye kompyuta anatazama filamu ya watu wa jangwani, wamejitanda vitambaa usoni, wanamfuata kijana wa Kizungu na kumwita "Mahdi". Mzee akashtuka. Anauliza mambo mawili: je, mtoto ametoka katika dini? Na je, amkatie pesa ya matumizi mpaka aache?

Siku mbili baadaye nikapata ujumbe wa kijana mwingine, naye ni wa chuo, anazungumzia filamu hiyo hiyo, lakini swali lake ni zito kuliko la mzee. Nitalifikia, in shaa Allah. Someni mpaka mwisho, wazazi na vijana, kwa sababu hapa nina maneno kwa pande zote mbili.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani. Sipendi kuhukumu kitu kwa kusikia, basi niliwaita vijana watatu wa hapa msikitini wakanisimulia tangu mwanzo, na sehemu ya kwanza nikaitazama mwenyewe. Filamu inaitwa Dune. Imetokana na kitabu cha Mmarekani aitwaye Frank Herbert kilichotoka mwaka 1965, na yeye mwenyewe akaandika vitabu sita vya mfululizo huo kabla ya kufa mwaka 1986. Filamu za karibuni zimetengenezwa na Denis Villeneuve: ya kwanza ilitoka 2021, ya pili ikatoka Machi 2024, siku chache tu kabla ya Ramadhani. Ni hadithi ya kubuni ya maelfu ya miaka ijayo, katika sayari isiyo na mvua, ambako maji yana thamani kuliko dhahabu na chini ya mchanga kuna minyoo mikubwa kama milima. Baadhi ya picha zilipigwa Wadi Rum, Jordan, na nyingine kwenye jangwa la Abu Dhabi.

Sasa sikilizeni. Mwandishi yule alichota maneno mengi sana kwetu. Shujaa wake anapewa jina la siri "Usul", naye anasema maana yake ni msingi wa nguzo. Sisi tuliosoma usulul-fiqhi jina hilo halitupi taabu. Anapewa na jina la pili, "Muad'Dib", ambalo kule ni panya wa jangwani, lakini mtoto yeyote wa madrasa anajua kuwa muaddibu ni mwalimu, anayefundisha adabu. Wale watu wanamwita "Lisan al-Gaib". Lisani, ghaibu! Mwanafunzi wa Kizungu anahitaji kamusi, wa kwetu ameshaelewa akiwa amelala. Vijana waliponieleza hili walikuwa wanacheka kwa furaha, na nikawaelewa. Ni mara chache mtoto wa Kiislamu anatazama filamu kubwa ya Marekani akasikia maneno ya chuoni kwake bila mtu kulipuliwa.

Na kuna zaidi. Wachambuzi wameonyesha kuwa Herbert alichota pia kwenye kitabu cha Lesley Blanch cha mwaka 1960, kinachosimulia habari za Imam Shamil wa Dagestan, yule aliyepigana na jeshi la Urusi katika milima ya Kaukasi kwa takriban miaka ishirini na mitano, akajisalimisha mwaka 1859, kisha akafariki Madina mwaka 1871 na kuzikwa Baqii. Basi mwanangu, kama umependa mashujaa wa uongo wa jangwani, huyu wa kweli amezikwa karibu na Masahaba. Nenda kamsome.

Tuje kwenye hukumu. Je, kutazama hadithi ya kubuni ni uongo unaoharamishwa? Wapo wanazuoni waliokaza. Lakini Maqamat za al-Hariri wa Basra zimesomeshwa na maulamaa karne kwa karne, na watu waliomo humo ni wa kubuni. Ibn Tufayl wa Andalusia, aliyefariki 1185, aliandika kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyekulia peke yake kisiwani akamjua Mola wake kwa kutafakari. Hicho nacho ni cha kubuni. Na katika Bukhari na Muslim tunasoma kuwa Mtume (s.a.w.) alikaa akamsikiliza Bibi Aisha (r.a.) akimsimulia kisa kirefu cha wanawake kumi na mmoja walioelezana habari za waume zao, kisa cha Ummu Zar'i, mpaka mwisho. Hakumkatiza. Na yeye ndiye aliyekuwa na shughuli nyingi kuliko sisi sote.

Kwa hiyo mzee wangu, mwanao hajatoka katika dini. Picha za aibu, kuinamisha macho, khilafu ya muziki, hayo yanajulikana na hukumu zake hazibadiliki kwa filamu hii wala ile. Ila kuna jambo moja la itikadi ambalo kila kijana anayeitazama alijue. Katika hadithi ile, ubashiri wa kuja kwa yule kiongozi ulipandikizwa. Kuna chama cha wanawake wenye hila, walitangulia zamani wakawafundisha watu wa jangwani habari za mkombozi atakayekuja, ili siku moja waje kuzitumia. Ukitazama bila kufikiri, unaweza kutoka umeambiwa kimoyomoyo kuwa kila ahadi ya ghaibu ni mtego wa wanasiasa. Sisi Mahdi tumemjua kwa hadithi zenye isnadi, majina ya wapokezi yamechunguzwa mmoja mmoja, yeye ni katika kizazi cha Mtume (s.a.w.) na ataijaza ardhi uadilifu. Hatukupandikiziwa na mtu gizani.

Hapo hapo niwe mkweli. Herbert hakuandika kumtukuza yule kijana. Katika kitabu cha pili, cha mwaka 1969, anaonyesha vita vya huyo "Mahdi" vimeua mabilioni ya watu, na yeye mwenyewe hawezi tena kuvisimamisha. Aliandika kuwaonya watu wasimkabidhi akili zao kiongozi mwenye mvuto. Maonyo hayo Muislamu hayamdhuru. Wamejitokeza wangapi katika historia yetu wakadai umahdi, na watu wakauza mashamba kuwafuata? Na leo hii wangapi wanamfuata sheikh kwa sababu ya sauti yake nzuri na idadi ya wafuasi wake mtandaoni, akisema lolote wanaitikia takbir? Na mimi mwenyewe msinifuate hivyo. Niulizeni dalili.

Basi filamu tumeimaliza. Shida yenyewe iko kwenye saa.

Niliwaambia wale vijana watatu tupige hesabu. Sehemu ya kwanza ni dakika 155, ya pili ni dakika 166. Jumla dakika 321, yaani saa tano na dakika ishirini na moja. Mmoja alisema amezitazama zote mbili mara nne. Hizo ni saa ishirini na moja na dakika ishirini na nne. Somo la chuo lenye vipindi vya saa tatu kwa wiki, kwa wiki kumi na tano, ni saa arobaini na tano. Karibu nusu ya somo zima, mwanangu! Na bado hatujahesabu video za uchambuzi, mabishano ya kwenye magrupu kuhusu nani alikuwa na haki, na bando. Kijana alinyamaza. Nikamwambia sikukatazi, nimekuhesabia tu.

Hanzala (r.a.) alipoogopa kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu akiwa nyumbani na familia hali yake si kama akiwa mbele ya Mtume (s.a.w.), alijibiwa kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Watu wengi wanaipenda hadithi hii kwa sababu inawaruhusu kupumzika. Lakini isome vizuri: kila jambo limepewa saa yake. Wiki ya UE si saa ya minyoo ya jangwani. Tena Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo ya baada ya Isha, isipokuwa ya haja. Anayekesha na filamu hadi saa tisa usiku, Alfajiri imempita, na karatasi ya saa mbili asubuhi anaikuta kichwa kizito. Amepoteza mbili kwa moja.

Na mimi nadhani wengi hawakeshi kwa mapenzi ya filamu. Wanaogopa. Amefungua desa, ameona kurasa themanini asizozijua, moyo umemdunda, akafunga, akafungua kitu ambacho mwisho wake anaujua. Ndiyo maana anarudia mara ya nne. Hadithi unayoijua mwisho wake haikutishi.

Sasa lile swali la kijana wa pili. Anasema wako wanne chumba kimoja hosteli, marafiki tangu mwaka wa kwanza, na filamu hizi ndizo zilizowaunganisha, wanaitana kwa majina ya mle ndani. Mmoja wao mwaka jana alipata sapu mbili na hakumwambia baba yake. Mwaka huu anakesha na kompyuta na hasomi. Juzi amemwomba huyu rafiki amtumie majibu kwa simu ndani ya chumba cha mtihani. Kijana anauliza: "Ustadh, nikimkatalia na akadisko, nimemsaliti ndugu yangu?"

Mwanangu, hapana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumsaidia ndugu yetu akiwa anadhulumiwa na akiwa anadhulumu. Walipomuuliza huyu wa pili anasaidiwaje, akaeleza kuwa ni kumzuia na dhulma yake. Na udanganyifu aliukemea kwa maneno mazito, kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Leo unampa jibu la mtihani, kesho yeye ni mhandisi wa daraja au mfamasia, na dawa anampimia mama yako. Tena mkikamatwa mnafukuzwa wawili.

Lakini usimwambie "haramu" kisha ukageukia ukutani ukalala. Hapo utakuwa umeokoa nafsi yako tu. Mwambie: ndani ya chumba cha mtihani hapana, ila kuanzia leo mpaka siku hiyo, kila usiku mimi na wewe tunakaa meza moja. Mtafutieni karatasi za miaka iliyopita, mgawaneni mada, wewe unayeelewa umfundishe. Wanne walioweza kukaa saa tano bila kuchoka kufuatilia koo za kubuni na majina yao, mnashindwa vipi na takwimu? Mtume (s.a.w.) alimfananisha rafiki mwema na mwenye miski. Watu wakisikia hivyo wanadhani rafiki mwema ni yule asiyecheka wala kutazama chochote. Mimi nasema mtazame ikiadhiniwa anafanya nini, na mtazame ukianguka anafanya nini.

Na jambo la mwisho kwa huyu kijana, ni zito. Mwenzako akianza kusema hana haja ya kuishi, au bora afe kuliko baba yake ajue, hiyo si siri ya kutunza. Usimwache peke yake usiku huo. Mwambie mlezi wa wanafunzi, mwambie ndugu yake, nipigie hata mimi saa nane za usiku. Akikasirika, atakasirika akiwa hai.

Wazazi, hapa ndipo penye neno langu kwenu. Kwa nini kijana wa miaka ishirini na mbili afiche sapu mwaka mzima? Kwa sababu nyumbani ameshajua kitakachosemwa. Nimeuza ng'ombe kwa ajili yako. Mtoto wa fulani amemaliza na anajenga. Sapu ni mtihani wa kurudia, si maiti. Mwenye kuijua mapema anaweza kusaidiwa, na asiyeijua anakuja kushtukia disko. Ukimkatia pesa ya matumizi katikati ya mitihani, mzee wangu, hutamkatia filamu, filamu anayo tayari kwenye flashi ya mwenzake. Utamkatia chakula. Na ataanza kutafuta chakula kwa njia ambazo wewe na mimi hatutazipenda, na kama ni binti ndiyo zaidi.

Mpigie simu leo, mzee. Usianze na dini wala na matokeo. Muulize ile filamu inahusu nini, umwache aseme. Akikufikia kwenye jina la Usul mwambie maana yake kwa wanazuoni, atashangaa kuwa baba anajua. Halafu muulize mtihani wa kwanza ni siku gani, na kama kuna jambo lolote la mwaka jana hajakuambia. Akikuambia, nyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.

Tangazo: kwa vijana wa vyuo walio karibu nasi, darasa la madrasa la juu litakuwa wazi baada ya Isha hadi saa tano usiku kipindi chote cha mitihani, wavulana upande wa kulia, mabinti wana mlango wao wa nyuma na watasimamiwa na ustadhati. Mwalimu wetu wa hesabu atakuwepo Jumatatu na Jumatano. Njooni na chaja zenu, ila soketi ziko nne tu, mwenye kiungo cha umeme akilete.