Mikono Haifanani, Wanafunzi Waambiwe

Aghalabu mwanafunzi wa uuguzi au udaktari hufunzwa mkono mmoja tu, nao ni ule wa kitabuni. Humo vena ya sefaliki hupanda upande wa kidole gumba, basiliki upande wa kidole cha mwisho, na vena ya tatu huziunganisha mbele ya kisugudi mithili ya daraja. Mchoro wapendeza. Hata hivyo, wagonjwa hawakuzaliwa kwa kuufuata.

Wako watu wasio na daraja hilo kabisa. Kwa wengine, vena ya kati ya kigasha hugawika matawi mawili, umbo likafanana na herufi M. Sefaliki ya huyu ni nene, ya yule ni nyembamba kama uzi. Na mkono wa kulia huenda usilingane na wa kushoto. Haya si maradhi, ni maumbile.

Nashikilia kuwa jambo hili lastahili kufunzwa mwanzo, wala si kutajwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Anayejua mchoro pekee hudunga palipotajwa kitabuni. Akikosa, hudunga tena na tena, na anayeumia ni mgonjwa. Lipo la kutisha zaidi. Kwa watu wachache, ateri ya alna hupita juujuu chini ya ngozi, mahali panapotarajiwa vena. Dawa iliyokusudiwa vena ikiingia humo, yaweza kuua nyama za vidole hata vikakatwa. Kinga yake haina gharama: kidole kipapase kabla ya mkono kufungwa mpira, na kinachopwita kisidungwe.

Wafikiriwe pia wagonjwa wa figo. Mwaka 1966 madaktari wa New York walieleza njia ya kuunganisha ateri na sefaliki karibu na kifundo cha mkono, ili damu isafishwe kwa mashine. Mwenye sefaliki nyembamba hulazimika kutafutiwa vena nyingine. Kwa hivyo anayemdunga kwenye upande wa juu wa kiganja, akaacha kigasha, humwekea akiba.

Nanyi walimu wa sekondari, msidhani hili ni la hospitalini pekee. William Harvey, katika kitabu chake cha 1628, alionyesha mwendo wa damu kwa kufunga mkono na kubonyeza vena zake kwa kidole. Wanafunzi nao wateremshe mikono, wakaze ngumi, kila mmoja achore vena zake jinsi azionavyo. Mwalimu akikuta wote wamechora kama kitabu, awarudishie daftari, hawakutazama mikono.