Kitanda cha Binti Melini

Alfajiri pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, vyombo vikirudi na dagaa, wengi wanaovisubiri mchangani ni wanawake. Wao ndio wanaovutana na wavuvi juu ya bei, wanaoanika, wanaofunga magunia ya kusafirishwa. Wengine wana vyombo vyao wenyewe. Mafuta, nyavu na posho ya wavuvi hutoka mfukoni mwao. Jioni chombo kikisukumwa majini, mwenyewe hubaki nchi kavu. Ameambiwa tangu utoto kwamba mwanamke chomboni ni nuksi.

Imani hiyo naipinga, ila siyo inayonikosesha usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni kitanda.

Binti wa Ujiji anayetaka unahodha au uhandisi wa meli huenda Chuo cha Bahari Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka ziwa lililomlea. Akifaulu darasani bado hajafika. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, wa mwaka 1978, unamtaka afisa wa zamu ya uongozaji wa meli kubwa za baharini awe ametumika melini, ndani ya mafunzo yake, si chini ya miezi 12. Miezi hiyo chuo hakiwezi kumpa. Anayo mwenye meli. Na mwenye meli ambaye mabaharia wake hulala chumba kimoja na kutumia choo kimoja humjibu kwa upole kwamba hana pa kumlaza. Jibu hilo halina tusi, kwa hiyo ni vigumu kulikatia rufaa. Mwaka unapita, cheti hakiji, binti anarudi kuuza katika duka la shangazi yake.

Ripoti ya vyama vya wenye meli duniani ya mwaka 2021 ilihesabu wanawake 24,059 kati ya mabaharia milioni 1.89 wenye vyeti vya mkataba huo. Ni kama asilimia 1.3.

Nani basi asiyeijua Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika letu? Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa, kisha ikarudi kazini 1927. Vijiji vingi vya pwani yetu havina gati. Kwa miaka mingi akina mama wameipandia katikati ya maji, usiku, kutoka kwenye mitumbwi inayoyumba, mtoto mgongoni na mzigo mkononi. Sikubali kuambiwa kwamba hao hawaiwezi kazi ya meli.

Meli hiyo imeingizwa katika ukarabati mkubwa, na ndiyo maana toleo hili linalohusu ziwa letu nimelifungua kwa habari ya vyumba. Watengewe wanawake kabini na choo chao, na kila mwaka sehemu ya nafasi za kadeti iandikwe kwa majina yao. Hayo huamuliwa mezani, kwenye mchoro, kabla fundi hajachomelea kuta.