Msimkemee Aliyesinzia

Mara ngapi tumesikia katika mkesha mhubiri akikemea "pepo wa usingizi"? Mama aliyeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi anainamisha kichwa kwa aibu. Mlinzi aliyetoka lindo anasimamishwa mbele ya watu aombewe. Ndugu zangu, tuseme wazi: fundisho hili halitoki katika Biblia, na uumbaji wenyewe unalikana.

Katika pwani ya California yupo konokono wa baharini aitwaye aplisia. Mwaka 1969 mtafiti Jon Jacklet alilitoa jicho la konokono huyo na kulitunza gizani, peke yake. Neva ya jicho hilo iliendelea kutoa ishara nyingi wakati wa mchana na chache wakati wa usiku, siku baada ya siku, ingawa jicho halikuona jua. Mwaka 1993 Gene Block na wenzake walionyesha kwamba katika konokono mwingine, bula, hata seli moja ya jicho iliyotengwa na wenzake hubeba saa hiyo. Alfajiri inapokaribia, utando wa seli hupitisha potasiamu kidogo, na seli huchangamka. Jioni hupitisha zaidi, nayo hutulia. Kazi ya nuru ni kuirekebisha saa: mwanga ukifika, kalisi huingia ndani ya seli, na saa husogea.

Sisi nasi tunayo saa ya namna hiyo ubongoni, nayo hurekebishwa na nuru ipitayo machoni. Ikiwa Muumba ameweka jioni na asubuhi hata ndani ya seli moja ya konokono, nani ametupa ruhusa ya kuiita kazi yake pepo?

Tutaambiwa kwamba Yesu alikesha mlimani akiomba. Ni kweli. Tena alilala chomboni katikati ya dhoruba. Na Eutiko aliposinzia dirishani kule Troa akaanguka, Paulo alishuka akamkumbatia. Hatusomi kwamba alimkemea.

Hatupingi mkesha, tunakesha na tutaendelea kukesha. Tunachopinga ni kumwaibisha aliyechoka kwa jina la Bwana. Wazee wa kanisa, mkimwona mtu amesinzia, mtandikieni mkeka nyuma ya kanisa. Kesho yake muulizeni ni mzigo gani unaomnyima usingizi, kisha mmsaidie kuubeba.