Mashimo matatu yamekosa fasi



Siku moja ya posho, asubuhi, tuliingia ku shule moja ya msingi hapa Lubumbashi na visahani vitatu vya plastiki, vifuniko vya ndoo za rangi, mabeseni mawili ya zamani na kamba ndefu. Mukubwa wa shule alikuwa ametupatia ruhusa. Watoto wa kartié walikuwa wamekwisha kufika mbele yetu. Tulitaka kuwafundisha mchezo ambao wengi wetu tulikuwa tumeuona ku telefone tu: gofu ya visahani.

Tulikuwa tumepanga mashimo 9, njia fupi ya watoto. Tulipomaliza kuzunguka uwanja, tulipata fasi ya mashimo 6. Tunaandika leo juu ya yale 3 yaliyobaki.

Kwanza, mchezo wenyewe. Hapa kwetu, mtu akisema golf, wengi wanafikiria ile kartié ya manyumba makubwa na mageti ya chuma. Hakuna anayefikiria mchezo, juu tunajua ni mchezo wa wenye makuta: fimbo za bei, majani yanayomwagiwa maji hata wakati wa kiangazi. Gofu ya visahani iko na kanuni ileile, lakini haiombi vile vitu vyote. Unasimama fasi moja, unarusha kisahani kuelekea alama. Pale kinapoanguka, njo unarushia tena. Unahesabu mara ngapi umerusha mpaka kufika. Mwenye hesabu ndogo ameshinda. Aliye mbali zaidi na alama anarusha wa kwanza, na hakuna anayerusha kama kuna mtu mbele. Kanuni ni hizo tu. Mtoto wa kalasi ya pili anazishika kwa dakika 5.

Shimo lenyewe haliko shimo. Kwa wenzetu wa nje ni kikapu cha chuma kilichosimama juu ya mti, na minyororo inayoning'inia ili isimamishe kisahani. Sisi tulifunga mabeseni kwa kamba. Pale beseni lilikosekana, tulisema: ukigusa shina la muti, umeingia. Visahani vya wanaoshindana ni vidogo, vizito, na kingo zake ni kali, vinaweza kuumiza mtoto. Kwa hiyo tulichukua vile vyepesi vya kuchezea, na vile vifuniko vya rangi.

Shimo la kwanza lilitoka ku mulingoti wa bendera mpaka ku muti wa maembe, hatua 35. La pili lilipinda upande wa kuume, nyuma ya kona ya kalasi ya sita. Hapo tuliona maajabu. Ukirusha kwa mkono wa kuume, ukitoa mkono kifuani, kisahani kikichoka kinapinda kushoto. Sisi wakubwa, wote wa mkono wa kuume, tulikuwa tunapeleka visahani vyetu fasi ambayo hatukutaka. Msichana mmoja wa kalasi ya tano akaja. Yeye anatumia kushoto. Kisahani chake kilienda, kikapinda kuume taratibu, kikazunguka kona kama kinajua njia. Alifika kwa mitupo miwili. Sisi minne, mitano. Watoto walipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuangalia. Mkono ule ambao watu wengine wanamwambia mtoto aufiche, siku ile njo ulikuwa mkono wa ushindi.

Tena, mchezo huu hauna refa. Kila mmoja anahesabu mwenyewe, anataja hesabu yake kwa sauti, na wengine wako wanasikia. Kijana mmoja alisema « tano ». Wenzake walimwangalia. Akafikiri, akacheka, akasema « sita ». Ikaandikwa sita. Tulimaliza raundi nzima bila ugomvi, na hesabu ziliandikwa kwa chaki ku ukuta, fasi ambayo kila mtu anaona. Wakubwa wa inchi hii wako na mambo ya kujifunza kwa watoto wa kalasi ya tano.

Mtu atasema: huu ni mchezo wa wazungu, mutuache na mpira wetu. Sikieni habari hii. Mwaka 1926, mu kijiji kidogo kinaitwa Bladworth, jimbo la Saskatchewan huko Canada, watoto wa shule ya msingi walichora miviringo mu mchanga wa uwanja wa shule yao, upana wa karibu mita 1 na kidogo. Wakachukua vifuniko vya mikebe. Wakaanza kurusha vifuniko ndani ya ile miviringo na kuhesabu. Wakauita gofu ya vifuniko. Walipokua, kila mmoja akaenda njia yake, na mchezo ukafa. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 1975, Ed Headrick, aliyekuwa anafanya kazi mu kampuni ya visahani vya kuchezea, akaweka njia ya kwanza ya kudumu mu bustani ya watu wote karibu na Los Angeles. Alama zake za kwanza zilikuwa miti iliyosimikwa mu udongo. Vikapu vya minyororo vilikuja nyuma. Leo Finlande iko na njia za namna hii mamia na mamia, mingi unaingia bila kulipa.

Wale watoto wa Bladworth hawakuwa na kampuni, hawakuwa na mfadhili. Walikuwa na vifuniko, mchanga, na uwanja wa shule. Watoto wetu wako na vifuniko. Mchanga, Lubumbashi haikosi, vumbi yake nyekundu tunaivaa ku viatu kila siku. Kitu cha tatu, uwanja, njo kile wanachonyang'anywa.

Turudi ku mashimo yetu.

Shimo la 7 tulikuwa tumelipanga pembeni ya barabara. Kufika pale tukakuta mgongo wa mabutiki: unga, vipodozi, saluni, mtu wa kuuza krediti ya telefone. Milango yake inaangalia barabara, migongo yake iko ndani ya shule. Shimo la 8 lilipaswa kupita mu uwanja wa mpira. Nusu ya uwanja ule iko na fondasyo, na rundo la bloketi, na mtu anayesema ako na karatasi. Shimo la 9 lilikuwa litoke nyuma ya vyoo. Pale kuna geti jipya ambalo halifunguke upande wa watoto: malori ya depo moja njo yanaingia na kutoka.

Ile shule tumepita mbele yake miaka na miaka. Wamoja kati yetu wamesoma pale. Hatukuwa tumeona. Ukipita barabarani unaona butiki, unanunua sukari, unaenda. Lakini kupanga njia ya gofu kunakuomba utembee uwanja wote, kona kwa kona, ukihesabu hatua. Bila kutaka, tulifanya kazi ya mpima ardhi. Mama mmoja wa komite ya wazazi, aliyesoma pale zamani, alitusindikiza. Kila tulipofika ku ukuta alisema: « Hapa haikuwaka mwisho. » Alisema vile mara tatu.

Hatutaki kuonea mtu. Tuliongea na wakubwa wa shule, hii na zingine, na majibu yao yako na uzito. Wanasema: tangu masomo ya msingi yawe bure, Septemba 2019, watoto wamejaa, madawati hayatoshi, na franka za kuendesha shule zinachelewa ama hazifike kabisa. Kodi ya butiki njo inanunua chaki, inalipa mlinzi, inatengeneza bati lililotoboka. Tunaamini wengine wanasema kweli. Mkubwa wa shule aliyeachwa peke yake na kalasi moja ya watoto wengi kupita kiasi, hatuwezi kumwita mwizi sawasawa na yule aliyetia sahihi ofisini.

Lakini tuulize maswali. Kodi hiyo ni ngapi kwa mwezi? Imeandikwa wapi? Komite ya wazazi imeiona? Na kama uwanja unaliwa juu ya kukosa nafasi, mbona fasi iliyoliwa imejengwa depo, haikujengwa kalasi hata moja? Shule ikijenga kalasi mpya mu uwanja wake, tutabeba bloketi pamoja nao. Chaki inaisha kwa wiki. Udongo ukienda haurudi tena. Kuuza uwanja ili kununua chaki ni kama kuuza sufuria ili kununua unga.

Na sheria inasema nini? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Congo ni mali ya Leta. Kifungu cha 55 kinasema ardhi zilizowekwa kwa kazi ya watu wote haziwezi kutolewa kwa mtu binafsi mpaka ziondolewe kwanza mu kazi ile kwa njia halali. Shule ya Leta yenye watoto ndani, kengele inapigwa kila asubuhi, nani amesema haiko tena shule? Mtu akikuonyesha karatasi ya kipande cha uwanja wa shule kama hiyo, swali la kwanza ni moja: tuonyeshe karatasi iliyoondoa fasi hii mu kazi ya shule, na tarehe yake, na sahihi ya nani. Katiba nayo, kifungu cha 42, inaweka wajibu juu ya wakubwa wa inchi kulinda vijana katika afya yao, masomo yao na makuzi yao yote. Mtoto akikosa fasi ya kukimbia, maneno hayo yanabaki wino.

Wengine watasema tunafanya mchezo wakati inchi iko na vita, njaa na wafungwa. Tunazijua shida hizo, tunaziandikia kila juma. Lakini mtoto akikosa uwanja wa shule, ataenda kucheza wapi? Mu barabara, katikati ya pikipiki na malori. Ama hatacheza. Wenye makuta wako na viwanja vyao vya kulipia, vyenye ukuta na mlinzi. Uwanja wa shule njo fasi moja tu ya kartié ambayo mtoto wa mama muuza makala anaingia bila kuulizwa kitu. Yule msichana wa mkono wa kushoto, kama shimo la pili nalo lingekuwa depo, nani angejua kama anaweza?

Kwa hiyo tunaomba, na tunaomba kwa majina ya ofisi, si kwa hewa:

Mairie na makomini watangaze orodha ya shule zote za Leta mu mji, na mipaka ya kila moja kama ilivyoandikwa ku kadasta. Ibandikwe ku mlango wa kila shule, fasi ambayo mzazi anaona.

Ofisi ya ardhi isimamishe kutoa karatasi yoyote mpya ndani ya mipaka ya shule, na ionyeshe zile zilizokwisha kutolewa: nani, lini, kwa sahihi gani.

Wakubwa wa masomo ya jimbo waseme wazi kodi ya mabutiki inaenda wapi, na franka za kuendesha shule zifike kwa wakati, ili hakuna mkubwa wa shule atakayetafuta chaki mu udongo wa watoto.

Na wewe unayesoma, usibaki kuangalia. Ingia ku shule ya kartié yako siku ambayo hakuna masomo, omba ruhusa kwanza, chukua vifuniko na watoto. Panga mashimo 9. Tembea kona zote, hesabu hatua, andika. Pale shimo linapokosa fasi, andika kuna nini. Muulize mzee aliyesoma pale mwisho ulikuwa wapi. Usigombane na mwenye butiki: mara mingi yeye ni mpangaji tu, na yeye ako na watoto. Tuletee hesabu zako. Tutaziunganisha mu ombi moja. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa, peke yake ama pamoja na wengine, na wakubwa wanapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Tutahesabu miezi hiyo kama tulivyohesabu mitupo: kwa sauti, mbele ya watu wote.

Jioni ile tulifungua mabeseni, tukakunja kamba, tukawaachia watoto vifuniko. Kesho yake, jumapili, tukipita, tuliwakuta wako wanacheza bila sisi. Walikuwa wameongeza shimo. Limetoka ku mlango wa kalasi ya kwanza mpaka ku ule ukuta wa depo: ukigonga ukuta, umeingia.

Wamekwisha kuanza kugonga. Tugonge pamoja nao.